Gari la chakula, kigari, jengo la vibanda au soko la usiku: ukiwa na njaa ugenini uende wapi?

Watu wakitaka kusafiri huwa wananiuliza, eti nikifika mji fulani nile nini mtaani, na mimi nawajibu kwanza niambie utakula kwenye nini. Maana chakula cha mtaani tunakiongelea kama vile ni kitu kimoja, wakati yule anayepika ndani ya gari lenye dirisha ubavuni, na yule mwenye kigari cha kusukuma, na yule mwenye kibanda ndani ya jengo la vibanda 100, hao wanafanya kazi tofauti kabisa, na tofauti yenyewe haiko kwenye nchi, iko kwenye moto. Yaani jiko alilonalo, maji aliyonayo na nafasi ya kugeukia ndo vinaamua nini kitatoka kitamu hapo na nini uachane nacho hata kama picha kwenye menyu inakuita.

Kwa hiyo hapa siwalinganishi Thailand na Mexico, hilo tukilianza hatulimalizi na mwishoni watu watavunjiana heshima. Nalinganisha aina nne za mahali: gari, kigari, jengo la vibanda na soko la usiku. Na mada si ndogo, FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, wamekuwa wakitaja kwamba watu kama bilioni 2.5 duniani wanakula chakula cha mtaani kila siku, kwa hiyo ukiona mtu anasema hiki si chakula cha kweli mwache aendelee kusubiri meza yake.

Gari la chakula

Tuanze na hili maana ndo linalopigiwa kelele zaidi mitandaoni. Wamarekani wakisimulia asili yake wanaanzia Texas 1866, kuna mfugaji anaitwa Charles Goodnight alichukua gari kuukuu la jeshi la kukokotwa na wanyama akalitengeneza liwe jiko la kufuata wachunga ng'ombe safarini. Halafu 1872 huko Providence, Rhode Island, jamaa anaitwa Walter Scott akawa anauza msosi usiku kwenye gari la farasi nje ya ofisi ya gazeti, wateja wake watu wa zamu ya usiku ambao wakitoka kazini kila mgahawa umeshafungwa. Ukiwaangalia hao wawili wanafanya jambo moja tu, wanamfuata mwenye njaa pale ambapo hamna jiko. Na ndo alichofanya Raul Martinez huko Los Angeles 1974 alipochukua gari la zamani la aiskrimu akaligeuza la kuuza tako (taco ya Mexico, chapati ndogo ya mahindi yenye nyama ndani) akalipaki nje ya baa, yaani alijua kabisa mtu akitoka baa anatafuta nini.

Kilichobadilisha mambo ni 2008. Uchumi uliporomoka, wapishi wakakosa kazi, ujenzi ukasimama na magari yaliyokuwa yanapelekea mafundi chakula yakakosa wateja, hapo hapo likatokea gari linaitwa Kogi, la Los Angeles, mpishi Roy Choi na wenzake wakachukua nyama ya mbavu iliyolowekwa Kikorea wakaitia ndani ya totila, ile chapati ya Mexico, na kila siku wanatangaza Twitter wapo mtaa gani. Watu wakawa wanalikimbilia usiku kama vile linagawa hela. Toka hapo gari likawa mahali pa mpishi kujaribu kitu ambacho mwenye jengo hawezi kuthubutu, kwa sababu akikosea anabadilisha menyu kesho na kuhama mtaa.

Kwa hiyo kwenye gari tafuta mchanganyiko, vitu ambavyo bibi yake mpishi angevikataa. Na tafuta kitu kilichoanza kupikwa asubuhi kikaja kumaliziwa tu pale. Ndani ya gari mara nyingi utakuta bamba la chuma la kukaangia, karai la mafuta, friji na sinki, basi, na miji mingi ya Marekani inalazimisha gari liwe na jiko kubwa sehemu nyingine ambako vitu vinaoshwa, vinakatwa na kuandaliwa kabla ya kutoka. Maana yake nyama iliyochemka masaa sita halafu ikaunguzwa kidogo kwenye bamba itakuwa tamu sana, sosi zitakuwa tamu sana, ila supu na tambi zinazotaka moto mkubwa wa kuruka juu, hapo wanajitahidi tu.

Nilishawahi kujifunza hili kwa njaa. Tamasha moja nilisimama mbele ya gari moja (sitalitaja), menyu yake ina vitu 14, baga, tambi, mabawa ya kuku, wali, mpaka keki, nikasema hawa ni mafundi. Nikaagiza samaki na chipsi. Dakika 50. Nikawa nawachungulia kwa lile dirisha, wapo wawili tu na karai moja la mafuta, na kila mtu kwenye foleni kaagiza kitu cha kukaanga, kwa hiyo mafuta hayapati hata muda wa kurudi kuwa moto, wanatumbukiza tu juu ya yaliyopoa. Jenereta ikazima mara mbili. Jina langu lilipoitwa nikapewa boksi zuri sana la karatasi, lina nembo na kila kitu, ndani chipsi zimelala kama kamba iliyolowa, nikazila nimesimama, soda nimeibana kwapani maana hamna meza. Toka siku hiyo nikiona gari lenye menyu ndefu napita.

Bei nayo, usijidanganye kwamba kwa kuwa ni gari itakuwa rahisi. Gari lina mafuta, gesi, leseni, matengenezo, na huko Ulaya na Marekani bei yake inakaribia ya mgahawa wa kawaida, tofauti tu hapa unakaa kwenye ukingo wa barabara. Paris ndo ilianza hivyo 2011, Kristin Frederick aliyetoka California akaleta Le Camion Qui Fume na baga zake, Wafaransa wakapanga foleni, na haikuwa bei ya kutupa.

Halafu kuna suala la kulipata lenyewe. Watu wanadhani gari lina uhuru kwa sababu lina magurudumu, kumbe sheria ndo inaliendesha. Chicago wana sheria gari likae angalau futi 200, kama mita 60 hivi, kutoka mlango wa mgahawa, na magari yanatakiwa yawe na GPS, wenye magari wakaenda mahakamani na 2019 mahakama kuu ya Illinois ikasema sheria ibaki. Sasa fikiria katikati ya jiji lenye migahawa kila kona, mita 60 utaipata wapi. Hong Kong nao walianzisha mradi Februari 2017, magari 16, wakayapangia vituo maalum, mengi sehemu za watalii, yaani umemnunulia mtu viatu halafu ukamwambia asitoke nje. Baadhi waliishia kuacha.

Kuna ambayo yalikubali kukaa mahali pamoja, na hapo mambo yanakuwa mazuri zaidi. Giovanni's la Hawaii, la kamba wa kitunguu saumu, lipo tangu 1993 na limejaa sahihi za wateja kuanzia chini mpaka juu, wanauza kamba, kamba na kamba. Portland nao wanayapanga kwenye kiwanja kimoja kama kijiji, ila ubaya wake kiwanja ni cha mtu, kile maarufu cha mtaa wa Alder kilifungwa 2019 kupisha ghorofa lenye hoteli ndani. Na Aaron Franklin, mpishi wa Austin, Texas, alianza na trela 2009, nyama ya kuokwa kwa moshi usiku kucha, 2011 akahamia kwenye jengo. Ukiona gari linatulia muda mrefu jua ama linaelekea kuwa mgahawa ama linasubiri kufukuzwa.

Kigari cha kusukuma

Huyu ndo mpenzi wangu, naomba nisiwe mnafiki. Kigari kina moto mmoja na kitu kimoja, na mtu aliyepika kitu kimoja kwa miaka 20 huwezi kumshinda kwa menyu wala kwa nembo.

Ukitaka kuelewa nenda Mexico City usiku ukasimame mbele ya yule wa tako za al pastor. Nyama imepangwa kwenye chuma kilichosimama, pande kubwa lenye umbo la pia, nyekundu kwa pilipili zile zilizokaushwa, juu kabisa limekaa kipande cha nanasi, moto uko pembeni unaichoma nyama wakati inazunguka. Jamaa ana kisu kirefu mkono wa kulia na totila kiganjani mkono wa kushoto, anakata vipande vyembamba vinadondokea moja kwa moja kwenye totila, halafu bila hata kuangalia anagusa lile nanasi kwa ncha ya kisu, kipande kinaruka, anakidaka kwenye tako. Kitunguu, giligilani, ndimu, unapewa. Hata dakika haijaisha. Na yule jamaa hajakuuliza unataka ya ukubwa gani.

Hiyo kitu ilitokana na wahamiaji wa Lebanon waliokwenda Mexico na shawarma yao, kule ikageuka, kondoo akaondoka akaingia nguruwe. Hapo Waislamu na wasiokula nguruwe muwe macho, maana ukiiona kwa mbali utaapa ni shawarma ile ile unayoijua.

Mfano mwingine ni New York, kile kigari kwenye kona ya mtaa wa 53 na barabara ya Sita ambacho 1990 kilianza kwa kuuza soseji, wenyewe ni Wamisri, wakagundua madereva teksi Waislamu wanazunguka mji mzima usiku hawana pa kula halali, wakabadilisha wakaanza kuuza kuku na wali na sosi nyeupe. Leo The Halal Guys ni kampuni kubwa ina matawi. Ila nyuma ya vigari vya New York kuna maumivu, mji uliweka kikomo cha vibali tangu 1983, kama 3,000 hivi, matokeo yake mwenye kibali anamkodisha mwenzie kimagendo kwa zaidi ya dola 20,000 kwa miaka miwili, mpaka 2021 ndo ikapitishwa sheria ya kuongeza vibali kidogo kidogo kila mwaka. Kwa hiyo unapomwona mtu amesimama kwenye baridi anakugeuzia kuku, ujue huenda anamlipa mtu aliyelala nyumbani.

Kwa bei kigari ndo kiko chini, kwa kasi ndo kinaongoza, na kwa wasiokula nyama India inawapita wote, kuna vada pav ya Mumbai, viazi vilivyopondwa vikakaangwa vikawekwa ndani ya mkate na chatne, inasimuliwa ilianzia nje ya stesheni ya Dadar 1966, ilikuwa chakula cha wafanyakazi wanaokimbilia treni na mpaka leo bado ndo hivyo. Istanbul wana simit, mkate wa duara wenye ufuta, unakula huku unatembea. Suya za Nigeria, nyama nyembamba ya kwenye mti iliyopakwa unga wa karanga na pilipili, ikifungwa kwenye gazeti na vitunguu, hiyo nayo haihitaji maelezo, harufu inakufikia kabla hujamwona muuzaji.

Udhaifu wa kigari ni maji. Moto anao, maji anayo ya ndoo. Kwa hiyo kwenye kigari kula kitu kinachotoka motoni kikaingia mkononi mwako, na kitu kinachotegemea maji kifikirie mara mbili. Pani puri mfano, ule mpira mdogo mkavu unaotobolewa ukajazwa maji ya minti na ukwaju, ni mtamu hatari, ila utamu wote uko kwenye yale maji na muuzaji anatumbukiza mkono. Mimi nakula, sikatai, lakini siku ya kwanza ugenini siigusi.

Kuna kigari kimoja kinakataa sheria yangu yote hii na lazima nikiseme, yatai za Fukuoka, Japani. Ni vibanda vyenye magurudumu, vinasukumwa vikifika jioni vinafunguliwa, vinakuwa na viti kama kumi hivi, unakaa bega kwa bega na mtu usiyemjua unakula rameni, tambi za Kijapani kwenye supu ya mifupa. Supu, kwenye kigari! Zimebaki kama 100 tu, mji ukazitungia sheria yake 2013 ili zisife, na haziruhusiwi kuuza vitu vibichi. Ukifika Fukuoka sahau niliyosema kuhusu supu na magurudumu, kaa hapo.

Jengo la vibanda

Hapa Singapore ndo mwalimu. Miaka ya 60 mitaa yao ilijaa wauza chakula, maji machafu yanaenda mtoni, panya, kila kitu, serikali ikawasajili wote 1968 na 1969, kama 18,000, halafu ikaanza kujenga majengo yenye mabomba, umeme na mifereji, ikawahamishia humo, ikamaliza kwenye 1986. Sasa hivi yapo zaidi ya 110, na Desemba 2020 UNESCO wakautia utamaduni huo kwenye orodha yao ya urithi. Unaweza kusema mtaa umeuawa ukafanywa ukumbi, na kuna watu wanasema hivyo, mimi siwafuati. Maji ya bomba na gesi kubwa vilimpa mpishi wa mtaani kitu ambacho kigari hakiwezi kumpa.

Angalia tambi pana za mchele zinavyokaangwa, char kway teow. Karai liko juu ya moto unaounguruma kama pampu ya maji, mpishi anatupia tambi, sosi nyeusi, yai, kombe, machipukizi ya maharage, anarusha, moto unalamba ukingo wa karai, na ile harufu ya kuungua kidogo inayobaki kwenye tambi ndo kitu unachokilipia. Wanapika sahani moja moja au mbili mbili, ukiona amejaza karai la sahani sita ondoka. Na tena kwa wenye kujali, kwa asili inapikwa kwa mafuta ya nguruwe na soseji za Kichina, ila kwenye majengo hayo vipo vibanda vingi vyenye cheti cha halali vimekiweka mbele unakiona, na sehemu nyingi hata mahali pa kurudishia trei pametenganishwa.

Ukishapata meza unatupa pakiti ya tishu juu yake, maana yake hapa pana mtu, na hakuna atakayeigusa, halafu unaenda kupanga foleni. Mwenzio anakwenda kibanda kingine, mnakutana mezani yeye ana wali wa kuku, wewe una supu, mtoto ana mishikaki, bibi ana uji. Hii kitu gari haliwezi, kigari hakiwezi, na kama unasafiri na familia mjadala umeishia hapa, usinisumbue na aina nyingine. Ukimaliza rudisha trei, tangu 2021 ni lazima.

2016 Michelin, wale Wafaransa wanaotoa nyota kwa migahawa bora, wakampa nyota Chan Hon Meng, muuza kuku wa sosi ya soya kwenye jengo la Chinatown, sahani yake ilikuwa kama dola 2 za Singapore. Foleni ikawa ya masaa. 2021 nyota ikaondoka. Mimi msimamo wangu kwenye hizi nyota ni kwamba muuza jirani yake mara nyingi anapika vizuri karibu sawa na hana foleni. Bangkok hivyo hivyo, Jay Fai ni bingwa kweli, mama anapika kwa mkaa amevaa miwani kama ya watu wa theluji, nyota alipata Desemba 2017, ila kimanda chake cha kaa kinapita baht 1,000 (hela ya Thailand) na unaweza kumaliza siku nzima unasubiri. Mexico City pia, El Califa de León, chumba cha kama mita tatu kwa tatu, kilipewa nyota 2024, tako zake ni nzuri, mji ule una tako nzuri kila kona.

Penang, Malaysia, wanajihami kwa njia yao, tangu 2016 mgeni haruhusiwi kuwa mpishi mkuu wa vyakula vya asili kwenye vibanda. Unaweza kucheka, lakini wanaogopa kitu cha kweli, wapishi wa vibanda wengi ni watu wazima sana na watoto wao wapo maofisini. Kwa hiyo kibanda chenye mzee mmoja anayefunga akimaliza sufuria, saa sita mchana kashaisha, hicho kiwahi. Usipange kwenda jioni ukasema kipo tu.

Soko la usiku

Hapa nitawaudhi watu. Soko la usiku ni la kwanza kwa raha na la mwisho kwa ladha. Unatembea, taa, muziki, watoto wanacheza, moshi, unanunua kidogo hapa kidogo pale, na vyakula vyenyewe vimetengenezwa viliwe huku unatembea, kwa maana hiyo ni vya kukaanga, vya kwenye kijiti, vya sukari. Baada ya vitatu ulimi umechoka. Na hela inavyotoka hapo hutaiona, kila kitu kinaonekana rahisi mpaka ufike hotelini uhesabu.

Ila kuna sehemu ukiwa na macho utakula vizuri. Shilin ndo soko kubwa Taipei, Taiwan, na ndo la watalii, mimi ningekupeleka Raohe, pale mlangoni kuna mikate ya pilipili manga, nyama na majani ya vitunguu ndani, inabandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo kama naan inavyobandikwa, inatoka imekauka nje, ukiuma mchuzi unakuunguza ulimi. Ni nguruwe, nawakumbusha tena. Na unaona kwa nini imeshinda, ni tanuri zito la moto mmoja halitembei popote. Ile tofu inayonuka utaisikia kabla hujaiona, jaribu, harufu yake ni kali kuliko ladha yake.

Jemaa el-Fnaa, uwanja wa Marrakech huko Morocco, ambayo iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2008, kila jioni uwanja unajengwa vibanda upya vyenye namba, usiku sana vinabomolewa. Wapigadebe wake wanakuvuta mkono na wanajua salamu ya kila lugha. Wewe pita, kaa pale wenyeji wamekaa, bakuli la konokono na mchuzi wake, au harira, supu ya nyanya na dengu, vitu vilivyochemka muda mrefu kwenye sufuria kubwa, bei yake ndogo na hamna anayekuvutia hapo kwa nguvu. Seoul nako kuna Gwangjang, soko la tangu 1905, mchana na jioni, unakaa kwenye benchi mbele ya mama anayesaga choroko hapo hapo anakaanga chapati zake kwenye mafuta, hilo mimi nalihesabu karibu na jengo la vibanda kuliko soko la usiku, ndo maana nalipenda.

Tumbo je?

Watu wanadhani gari ni salama kuliko kigari kwa sababu linang'aa. Si lazima. Jengo la vibanda ndo nalipa namba moja kwa sababu lina maji ya bomba na wakaguzi wanajua lilipo, halafu gari lenye friji na sinki, halafu kigari chenye moto unaowaka mbele yako, na soko la usiku mwisho kwa sababu vitu vinakaa nje vimeshapikwa vinasubiri mteja. Shirika la Afya Duniani wanasema chakula kipikwe mpaka ndani kifike nyuzi 70, na kisikae kati ya nyuzi 5 na 60 muda mrefu, kwa kuwa hapo ndo vijidudu vinazaana. Huna kipimajoto, ila una macho. Kitu kinatoka motoni au kinatoka kwenye trei? Wali umetoka kwenye sufuria linalofuka au umelala toka asubuhi? Wali uliopoa unanitisha kuliko nyama, kuna bakteria anaacha sumu ambayo hata ukiupasha haiondoki. Angalia pia anayeshika hela ni nani, kama mkono uleule ndo unagusa mkate, mh. Sosi zilizo wazi juani, barafu ya asili isiyojulikana, hizo acha.

Foleni ndefu siyo ushahidi peke yake, iangalie inatembea au imesimama. Foleni ndefu inayotembea maana yake chakula hakikai. Foleni ndefu iliyosimama ndo ile ya kwangu ya dakika 50.

Sasa uende wapi

Una saa moja tu mjini kabla ya treni, kigari, usifikiri mara mbili. Una wazee au watoto, au mko sita na kila mmoja ana masharti yake, jengo la vibanda. Upo Los Angeles au Austin au Portland na unataka kitu ambacho huwezi kukipata kwingine, gari, lakini angalia ukurasa wao wa siku hiyo kabla hujatoka na uwe na pa pili pa kwenda, na menyu ikizidi vitu sita geuza. Umeshiba kidogo, una mpenzi au marafiki, na hamna haraka, soko la usiku, mgawane kila kitu ili mfike mwisho wa mtaa.

Hauli nguruwe, uliza kabla ya kuonja Mexico City, Taipei na Singapore, na India au Istanbul ndo utapumua. Huli nyama kabisa, kigari cha India. Una hela kidogo sana, kigari au jengo, magari waachie wenye mshahara uliotoka jana.

Mimi zangu nikifika mji vyote vikiwepo, kimoja nakula kwenye kigari nimesimama, halafu nakwenda jengoni kukaa na bakuli la supu niangalie watu, na gari nalibakiza mpaka saa saba usiku, muda ule ule wa wateja wa Walter Scott, wakati kila jiko lingine limeshazimwa na taa ya lile dirisha ndo pekee inayowaka mtaani.